Mjomba Aliyewafuturisha Mwatiko

Kwanza jifunzeni kuziba chupa, mengine yatafuata. Vijana mwapenda kuanza na mashine, na mashine ikisema neno mwaliamini kana kwamba limeshuka mbinguni. Sisi mashine hatukuwa nazo. Tulikuwa na chupa ya kioo yenye kizibo cha kioo, na ukiiziba ovyo kikabaki kiputo cha hewa shingoni, kidogo mfano wa kichwa cha sindano, basi kazi yako ya asubuhi nzima imekwenda na maji. Hapo urudi utafute samaki mwingine, na maji mengine, na uso wa kumtazamia mkubwa wako.

Mie ni Mwanamisi wa Mtongwe. Kazi yangu ilikuwa kupima pumzi za samaki wachanga, na hadi leo nikiitaja watu hucheka. Siku moja harusini, shoga yangu aliniuliza mbele ya watu, "Ehe, na hizo pumzi mwapima kwa kibaba au kwa ratili?" Wanawake wakaangua kicheko mpaka mpiga ngoma akakosa mahadhi. Nikamwambia twapima kwa tone. Akadhani namtania.

Sikumtania. Samaki hupumua, na hewa anayoivuta imo ndani ya maji kama chumvi ilivyomo. Huioni, lakini imo. Ukimfungia samaki ndani ya mtungi wa kioo uliojaa maji ukauziba, kila akipumua hewa ile hupungua. Ukipima maji kabla ya kumtia, ukapima tena ukishamtoa, kilichopungua ndicho alichokitumia. Na kiasi alichokitumia chakwambia mwili wake unaunguza chakula kwa kasi gani, yaani jiko lake la ndani lina moto mkali au moto wa makaa. Ndiyo elimu yote hiyo. Iliyobaki ni mikono.

Mikono nilifundishwa na Bwana Rajabu, fundi wa maabara ya kituo cha samaki pale Mtongwe. Mtu mwembamba, mpole, ila ukivunja chupa alikuwa na namna yake ya kusema "Alhamdulillahi, haikuwa mbili," ukatamani ungetukanwa. Yeye ndiye aliyenionyesha kuvuta maji kwa mpira mwembamba, ncha yake ikikaa chini kabisa ya chupa, maji yapande polepole yenyewe hadi yafurike shingoni. Usimwage kutoka juu kama mtu amiminaye chai ya tangawizi, utayatia hewa. Kisha watia dawa mbili, na maji hupiga rangi ya kahawia, ikatulia chini kama tope la mkondo wa mikoko. Hewa ikiwa nyingi, tope ni zito. Ikiwa haba, ni jepesi. Halafu watia tindikali, tope layeyuka, maji yawa kama chai ya rangi. Watia uji mwepesi wa wanga, yageuka buluu. Hapo sasa ndipo pa kazi, maana wakaa na mrija mrefu wenye bilula ndogo, wadondosha tone, watikisa, tone, watikisa, mpaka ile buluu iondoke. Tone moja likizidi umeharibu, na tone halirudi.

Kwetu nilikuwa mchoraji wa hina wa maharusi, na mchoraji wa hina ajua kungoja mkono utulie kabla haujagusa. Rajabu aliniona siku moja nikiosha chupa. Hiyo ndiyo kazi niliyoajiriwa, kuosha chupa tu. Akaniambia, "Mwanamisi, hebu njoo ukae hapa." Nikakaa. Sikuondoka kwenye kile kiti mpaka nilipostaafu, ila mara moja nusura nitolewe, na habari ya mara hiyo ndiyo ninayotaka muisikie.

Mkubwa wetu alikuwa Mzungu mrefu, wa shingo nyekundu, aliyekuja Mtongwe miaka ile ya mwisho ya ukoloni. Jina lake la kwao tuliliacha kwao. Sisi tulimwita Bwana Pumzi, naye alijua na hakukasirika. Kiswahili chake alijifunza kwa wapishi, basi alipotaka kusema "subiri" alisema "ngoja jiko". Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka, na kazi yetu haipendi haraka. Alitaka kujua mwatiko wachanga, wale wadogo wanaong'aa hata waona mgongo kwa ndani, wanaweza kuishi wangapi katika bwawa moja bila kukosa hewa, ili watu wa pwani wafuge mwatiko kama wanavyofuga kuku. Fikra nzuri, wallahi. Hata leo naiona nzuri.

Wale mwatiko tuliwavua wenyewe kwenye vidimbwi vya mikoko maji yakitoka. Nanyi mkienda, lowesheni mikono kwanza kabla hamjamgusa samaki. Mkono mkavu humchubua, na samaki aliyechubuka ana hofu, na mwenye hofu hupumua mbio. Utapima hofu yake udhani wapima mwili wake. Tuliwatia mtungini, tukaufunika kwa majani mabichi, tukawabeba hadi kituoni bila kuwatikisa. Huko waliwekwa katika mabeseni meupe ya bati kwenye baraza ya nyuma, penye upepo, na kabla ya kupimwa walikaa usiku kucha bila chakula. Sharti hilo lilikuwa kubwa. Samaki akishakula, mwili wake hufanya kazi ya kusaga chakula na pumzi hupanda. Ukitaka kujua moto wa jiko, usipime sufuria ikiwa juu. Kwa hiyo sisi tukasema mwatiko wamefunga, na hata Bwana Pumzi alisema hivyo hivyo: "Leo samaki nafunga?" "Wamefunga, Bwana."

Mlinzi wa kituo alikuwa mjomba wangu, Mzee Kombo, ndugu wa mama yangu. Kwetu sisi mjomba si mtu wa kusalimiwa na kupitwa. Mama alipofariki yeye ndiye aliyenilea, na mume wangu aliponiacha ni yeye aliyesema, "Rudi nyumbani, hukuokotwa wewe." Kazi ya kuosha chupa pia ni yeye aliyeniombea. Alikuwa mfupi, mkaidi, mwenye kukohoa kabla ya kila neno la maana. Zamu yake ilianza alasiri hadi alfajiri, na kiti chake kilikuwa pale pale baraza ya nyuma, karibu na mabeseni, kwa sababu ya ule upepo.

Basi ukaingia mwezi wa Ramadhani. Kabla sijafika kwenyewe niwachekeshe kidogo. Siku zile dawa tulizivuta kwa mdomo kwenye kijiti cha kioo chenye tundu, kama mtoto anywaye maji ya dafu kwa mrija. Ukizembea, dawa yaingia kinywani. Sasa mtu amefunga, na dawa iko ncha ya ulimi, saumu ina hukumu gani? Rajabu akaenda kumuuliza mwalimu wa chuo cha Kurani. Mwalimu akafikiri sana, akauliza, "Hiyo dawa ina ladha gani?" Rajabu akasema hajui, maana aliyewahi kuimeza hakurudi kazini siku ya pili. Mwalimu akasema basi saumu si tatizo lenu la kwanza. Rajabu akaenda gereji moja Changamwe akaomba mpira wa honi mbovu ya gari, ule wa kuminya, akaufunga kwenye kijiti, tukavuta dawa kwa mkono tangu siku ile. Honi yenyewe ilikuwa haijafa kabisa, ikawa ukiminya inalia kidogo. Mwezi mtukufu wote maabara yetu ilisikika kama stendi ya teksi.

Haya. Mwezi haujafika mbali, hesabu za samaki zikaanza kupanda. Mwatiko wale wale, maji yale yale, joto lile lile, lakini kila asubuhi pumzi zinazotumiwa ni nyingi kuliko zamani. Nikapima tena. Zikawa vile vile. Bwana Pumzi akatazama, akatazama tena, shingo ikazidi wekundu. Ndipo aliponitazama mimi.

"Wewe nafunga," akasema.

"Ndiyo, Bwana."

"Kula hapana, kunywa hapana. Mkono natetemeka. Macho nachoka."

Nikamwonyesha mkono wangu. Haukutetemeka. Lakini alikwisha kata shauri. Akasema kuanzia Jumatatu nirudi kuosha chupa, na kazi ya matone afanye mtu asiyefunga. Rajabu, aliyekuwa nyuma ya rafu, akakohoa. "Bwana, na mimi nimefunga." Bwana Pumzi akamkodolea macho kana kwamba amesalitiwa na nyumba nzima. Akasema basi ataleta mtu kutoka ng'ambo ya kivuko, kisiwani.

Nyinyi mtasema, si mwezi mmoja tu? Sikilizeni. Mwanamke aliyetolewa kwenye kiti kile, kiti ambacho kabla yake hakuna mwanamke aliyekikalia, harudishwi. Atakuja kijana kutoka ng'ambo na suruali yake iliyopigwa pasi, atakaa, na Idd itapita, na mie nitabaki na mikono ndani ya sabuni mpaka nizeeke. Na pia ningekuwa nimewapa neno la kusema, kwamba mtu anayefunga hafai kazi ya elimu. Hilo liliniuma zaidi. Nilikwenda nyuma ya banda nikalia, kisha nikaosha uso kwa maji ya chumvi, nikarudi.

Rajabu hakunipa pole. Aliniuliza, "Chupa ya shahidi yasemaje?"

Chupa ya shahidi ni ile tunayoiweka kila siku pamoja na nyingine, imejaa maji ila haina samaki. Hupimwa kama zile nyingine, na haitakiwi kubadilika, kwa kuwa hakuna wa kupumua ndani yake. Nikazitazama hesabu za shahidi tangu mwezi kuandama. Hazikupanda wala kushuka. Rajabu akasema, "Mkono ungekuwa mbovu, ungekuwa mbovu hapa pia. Na mkono unaotetemeka hukosea huku na huku, haukosei upande mmoja. Wewe huna neno. Samaki ndio wenye neno. Nenda ukawaulize."

Hili lishikeni vijana. Hesabu ikiharibika, watu hutafuta wa kumlaumu kabla hawajamtafuta shahidi. Mie pia nilikuwa nimekwisha anza kuushuku mkono wangu mwenyewe.

Nikaenda barazani nikainamia beseni. Mwatiko walikuwa wakizunguka, na chini yao, juu ya bati jeupe, mlikuwa na vinyuzi vya mavi. Nisameheni, ndiyo kazi yenyewe. Samaki aliyelala na njaa hana cha kutoa. Nikaendelea kutazama, na karibu na ukingo nikaona punje moja nyeusi. Nikaitoa kwa ncha ya kidole. Habasoda.

Nikaifumba kiganjani. Mkate wa mofa wenye habasoda kituoni pale alikuwa nao mtu mmoja tu, na mpishi wake ni mimi. Kila siku nilimfungia mjomba futari yake kwenye kikapu: mkate, mbaazi za nazi, na tende.

Siku ile sikuondoka mapema. Mjomba alipofika nikampa kikapu chake, nikamwamkia, akaitikia marahaba. Kisha nikamuuliza.

"Mjomba, hawa samaki wawapa chakula?"

Akakohoa. "Kidogo."

"Na waambiwa wamefunga."

"Najua wamefunga. Ndiyo maana nawapa." Akaketi, akaweka bakora yake mapajani. "Mwanamisi, adhana ikilia mie nakaa hapa, nafungua kikapu. Hawa nao wapo hapo, midomo iko juu ya maji, yafunguka, yafumba, yafunguka, yafumba. Wametazama kikapu. Sisi tulilelewa vipi? Waweza kula mbele ya mwenye njaa ukameza? Chakula kilinikwama kooni siku ya kwanza, wallahi. Nikamega kidogo nikawatupia. Hapo ndipo tonge likashuka."

Nikamwambia yote, la Jumatatu, la kijana wa ng'ambo, la mkono wangu. Nilisema kwa upole, maana ni mjomba, lakini sauti ilinipasuka mwishoni. Aliangalia kikapu, kisha akaangalia beseni. Mwishowe akasema, "Nenda nyumbani, giza laingia."

Njia nzima niliwaza. Nikimtaja, mjomba hana kazi, na kazi ya mlinzi kwa mzee kama yeye haipatikani tena. Nisipomtaja, kiti changu kimekwenda. Nilifika nyumbani nimeamua kwamba sitasema. Sikuona raha ya uamuzi ule, niliuona mzito kama mzigo wa kuni mbichi. Lakini nani angenilea tena?

Asubuhi nilimkuta amerudi kituoni. Zamu yake ilikwisha alfajiri, naye amevaa kanzu yake ya Ijumaa na haikuwa Ijumaa. Bwana Pumzi alipoingia, mjomba akasimama mbele yake.

"Bwana, mkono wa huyu mtoto ni mzima. Samaki nimewafuturisha mimi."

Bwana Pumzi hakuelewa. Rajabu akamfafanulia kwa lugha yake, taratibu, na nikaona jinsi alivyochagua maneno kama mtu apangaye vigae vya chungu kilichovunjika. Bwana Pumzi akanitazama. Akaenda akazitazama hesabu za shahidi, akarudi. Aliniambia, "Mkono mzuri," na hiyo ndiyo radhi aliyoniomba, nami niliipokea. Kisha akamgeukia mjomba akamwambia Idd ikipita asirudi.

Mjomba akasema, "Vyema, Bwana." Akachukua kikapu chake kitupu akaenda.

Kwa hiyo nilipata kiti changu, na sikuweza kukikalia kwa raha. Nilidondosha matone siku ile huku nikihesabu siku zilizobaki hadi Idd. Rajabu alijaribu kunitania kwa honi yake, sikucheka. Nilijiuliza jambo moja tu: huyu mzee asingewapa chakula kama wasingemtazama. Na asipowaona, je?

Alasiri nikaleta kutoka nyumbani kanga zangu mbili nzito, za zamani, zilizopauka kwa kufuliwa. Nikazitandaza juu ya mabeseni, nikazifunga pembeni kwa kamba zisianguke majini. Mjomba alipofika alisimama akazitazama.

"Ndiyo nini hii?"

"Kula, mjomba. Hawakuoni."

Akainama, akainua ncha ya kanga, akachungulia, akaishusha. Alikohoa sana siku ile.

Asubuhi nilitia samaki mitungini nikapima. Nikapima tena, kwa kuwa sikuamini. Pumzi zilikuwa zimeshuka, si hadi zilipokuwa kabla ya mwezi wa mfungo, bali chini ya hapo, na zilifanana mtungi kwa mtungi kama mayai ya kuku mmoja. Siku ya pili ikawa vile vile, na ya tatu. Bwana Pumzi akaja, hana haraka kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Wewe nafanya nini?"

"Nimewafunika, Bwana. Ili mjomba ale."

Akatoka barazani, akainua kanga. Mwatiko walikuwa wametulia chini, hawazunguki, hawagongi bati. Tangu mwanzo tulikuwa tukiwalaza kwenye mwanga na kwenye nyendo za watu, kila kivuli kikipita wakishtuka, na sote tulidhani ule ndio utulivu wao. Akaishusha ncha ya kanga taratibu. Kisha akauliza nani atawafunika kila siku jua likitua.

Nikasema, "Mie huondoka alasiri, Bwana. Rajabu vilevile. Aliyepo magharibi ni mlinzi."

Akaguna. Akasema, "Basi ngoja jiko." Rajabu akanieleza baadaye kwamba maana yake mjomba abaki.

Mjomba alibaki. Alifunika mabeseni yale mpaka bendera ya zamani ikashuka na yetu ikapanda, mpaka Bwana Pumzi akafungasha vitabu vyake akaenda kwao, mpaka Rajabu akakalia kiti cha mkubwa. Mwezi wa Ramadhani alikuwa akifunika, akingoja adhana, akila kwa raha zake. Mpaka siku aliyofariki hakuwahi kukosa zamu hata moja, na tulipomzika kule Mtongwe, Rajabu alilia kuliko wanaume wote waliokuwepo.

Siku hizi mna vijisanduku vya kupimia, na juu yake mwafunika plastiki nyeusi. Juzi alikuja binti mmoja wa Mishomoroni, msomi, mwenye adabu, akanieleza jinsi gizani samaki hupungukiwa na hofu na hesabu zikanyooka. Nikamwambia ni kweli, mwanangu, na mie nilifundishwa hivyo. Akaniuliza ni nani aliyenifundisha. Nikamwambia njoo Ramadhani, nitakupikia mkate wa mofa, nikueleze.

Maana kwangu, kwenye ua, nina beseni moja la mwatiko hadi leo, si la kupima, la kutazama tu. Hakuna anayehesabu pumzi zao tena. Lakini adhana ya magharibi ikikaribia, kabla sijafungua kikapu, huwafunika kwanza.